Deni Letu kwa Hobabu



Wengi wenu mmetuuliza habari za safari ya Lushoto iliyofanywa na wanakwaya, Umoja wa Mama na wazee wa Kanisa, Jumamosi ile iliyofuata sikukuu ya Mtakatifu Batholomayo. Waliosafiri wamewaonyesha picha. Mmeona milima, mmeona maua, mmeona watu wamejipanga mbele ya basi wakicheka. Picha zile ni za asubuhi. Habari za jioni hazikupigwa picha, nazo ndizo tunazotaka kuziandika hapa, maana zimetusumbua tangu siku ile, na si haki kuwahubiri ninyi juu ya jambo tulilolikosa sisi bila kwanza kulikiri.

Somo letu liko katika kitabu cha Hesabu, sura ya 10, mstari wa 29 hadi wa 32. Ni mistari minne tu, na huenda mmeipita mara nyingi bila kusimama, kwa kuwa imekaa katikati ya hesabu za makabila na mpango wa kambi. Waisraeli wamekaa chini ya mlima Sinai karibu mwaka mzima. Sasa tarumbeta za fedha zimetengenezwa, wingu limeinuka juu ya maskani, safari imeanza. Ndipo Musa anamgeukia Hobabu, mwana wa Reueli Mmidiani, mtu wa upande wa mkewe, na kumwomba afuatane nao. Hobabu anakataa, anasema atarudi kwao, kwa jamaa zake. Musa hamwachi. Anamsihi tena, na sababu anayotoa ni hii: wewe unajua namna ya kupiga kambi katika jangwa hili, nawe utatufaa kama macho. Kisha anatoa ahadi, kwamba mema yo yote Bwana atakayowatendea wao, nao watamtendea yeye.

Basi tuulize, Musa alikuwa na haja gani ya Hobabu? Wingu lilikuwa juu yao mchana, na moto usiku. Sanduku la Agano liliwatangulia. Mtu ambaye Mungu mwenyewe anamwonyesha njia, anamwomba Mmidiani mchunga kondoo awe macho yake! Wako watu wangesema hapo Musa alipungukiwa na imani. Sisi hatuoni hivyo. Wingu liliwaambia waondoke lini na watue wapi. Hobabu alijua maji yako chini ya mwamba upi, na bonde lipi hujaa ghafula mvua ikinyesha mbali, na nyoka wanakaa wapi. Mungu hakumpa Musa wingu ili asiwahitaji watu.

Sasa tuwaeleze yaliyotupata.

Sisi wa Magoma twakaa miguuni pa milima. Usambara ya Magharibi iko upande mmoja, ya Mashariki upande wa pili, na bonde la Lwengera kati. Kila asubuhi twaiona, na mtu akiona kitu kila siku hudhani amekijua. Babu zetu wengine waliletwa huku kukata katani, wakiitwa manamba, kutoka Kigoma na Songea na kwingineko. Wengine waliteremka wenyewe kutoka huko juu. Kwa hiyo karibu nusu ya watu katika basi letu walikuwa Wasambaa, wanaosema kwao ni Bumbuli au Vuga, hata kama hawajalala huko usiku mmoja.

Tuliondoka giza, tukapita Korogwe, tukafika Mombo jua likichomoza. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilometa 33 za kupanda, barabara ikijikunja ubavuni mwa mlima, na waliokuwa wakiimba wakanyamaza mmoja mmoja kila dereva alipokata kona. Pale Soni tulisimama kutazama maporomoko ya maji. Lushoto yenyewe iko juu karibu mita 1,400, na baridi yake mwezi wa Agosti si ya kutania. Watu wa bondeni tulivaa kanga juu ya koti. Wajerumani waliupenda mji huo, wakauita Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao, na baadhi ya nyumba zao zingaliko. Sokoni tukakuta karoti, kabichi, mapeasi na plamsi, na Umoja wa Mama wakatupotezea saa nzima hapo. Hatuwalaumu.

Penye kituo cha basi alitujia kijana mmoja, amevaa kofia ya kufuma na mabuti ya mpira, fimbo mkononi. Akawaamkia wazee kwa adabu, “Shikamooni.” Akasema yeye ni mwenyeji, kazi yake ni kuongoza wageni, na kwa shilingi elfu thelathini kwa kundi zima angetupeleka Irente, kisha angetupitisha vijijini na kuturudisha kabla ya magharibi. Mzee wetu mmoja akamjibu, “Mwanangu, babu yangu amezikwa Vuga. Wewe ndiwe wa kunionyesha mimi milima?” Watu wakacheka. Nasi tunaoandika haya tulicheka. Mtunza hazina akakumbusha kwamba fedha iliyobaki ni ya wali na soda. Basi tukamwambia kijana neno ambalo tukilikumbuka leo twaona haya: “Ahsante, tutajiongoza wenyewe. Mungu yupo.”

Yaangalieni maneno hayo, ndugu. Tulimtaja Mungu ili tusitoe elfu thelathini.

Irente ni mwendo wa kilometa tano hivi kutoka mjini, na kila mtu atakuonyesha barabara. Ni mahali ambapo mlima umekatika ghafula, ukisimama ukingoni unaona nchi tambarare chini yako kama unavyoona sakafu kutoka juu ya dari. Lakini tulipofika, ukungu ulikuwa umepanda kutoka bondeni na hatukuona kitu ila weupe. Mtu mmoja akasema, twende mbele kidogo, labda huko kweupe zaidi. Kulikuwa na njia nzuri, imekanyagwa vizuri, inapita kando ya mashamba ya mahindi na migomba. Tukaishika. Bibi mmoja wa Umoja wa Mama, ambaye nyote mnamjua kwa fimbo yake na kwa kutopenda kushikwa mkono, alikwenda mbele. Ukungu ukazidi hata wa nyuma hawakuwaona wa mbele. Tukaanza wimbo ili tusipoteane.

Ndipo tukasikia sauti nyuma yetu, kali: “Bibi! Simama hapo hapo! Usiinue mguu!”

Alikuwa yule kijana. Alitupita mbio, akafika kwa bibi, akamshika mkono (naye kwa mara ya kwanza hakukataa), akamrudisha hatua tatu. Kisha akaokota jiwe, akalirusha mbele katika ukungu, mahali ambapo mguu wa bibi ulikuwa unakwenda. Tukatega sikio lilie likianguka. Hatukusikia kitu.

Alipopata pumzi alitueleza. Njia ile haiendi mahali. Wafugaji wa kule hufunga ng'ombe zizini na kuwakatia majani, na majani mazuri yako ukingoni mwa jabali, hapo ambapo hakuna alimaye. Watu huja kukata, wakishajaza mzigo hugeuka. “Mgeni huiona imekanyagwa sana,” akasema, “akadhani inafika.” Mzee wetu wa Vuga akamwuliza kwa nini ametufuata, na hali hatukupatana naye. Akajibu, “Niliona mmeshika upande huu, na bibi yuko mbele.” Hakuongeza neno.

Kisha akatuomba radhi, akasema wakati wa Alasiri unampita. Akatandika koti lake juu ya majani, akaswali. Sisi ishirini na sita tukasimama tukimngoja, wanakwaya kwa wazee, na hakuna aliyesema neno. Tumekuwa Wakristo miaka mingi, na hatukumbuki kama tumewahi kunyamaza namna ile ibadani. Alipomaliza ukungu ulikuwa umeanza kufunguka, akatusogeza mahali palipo na mwamba imara, akatuonyesha. Chini kabisa tukaona nchi ya Mazinde na mistari ya katani, imenyooka kama mistari ya daftari, na mbali zaidi nyika inayokwenda hadi macho yachoke. Watu wa katani tukaitazama katani kutoka juu, na wengine wakalia, hatujui kwa nini. Kijana akatuonyesha pia matuta ya mashambani nyuma yetu. Akasema wazee wake walilazimishwa na Serikali ya Kiingereza kuchimba matuta baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wakayachukia sana hata mpango ule ukafa kabla ya Uhuru. Lakini leo wako wanaoyachimba wenyewe, maana wameona udongo unavyokwenda na maji. Hayo yote tungeyapita bila kuyaona, hata na jua la saa sita.

Wakati wa kurudi alitupitisha jirani na Shule ya Wasioona ya Irente, ambayo ni kazi ya ndugu zetu Walutheri. Tulisimama kidogo. Mahali ambapo watu hutoka Ulaya na Marekani kuja kuangalia, hapo ndipo Kanisa limeweka shule ya watoto wasioona. Watoto wawili walikuwa wanashuka njiani, mmoja mkubwa, mmoja mdogo, na mdogo ameweka mkono begani kwa mwenzake. Walikwenda upesi kuliko sisi. Mdogo hakuona aibu yo yote kwa mkono ule, wala hatukumsikia akisema atajiongoza mwenyewe kwa kuwa Mungu yupo.

Sasa tumefika penye aibu yetu. Tuliporudi kwenye basi ikawa lazima kumpa kijana kitu. Mtunza hazina akasema, na kwa kanuni za hesabu alisema kweli, kwamba hakukuwa na mapatano. Wengine wakasema zimebaki kilometa nyingi na dereva anataka kuongezwa. Tukachanga, ikapatikana shilingi elfu nane. Akaipokea kwa mikono miwili, akasema, “Ahsanteni sana, karibuni tena,” akaenda zake. Basi likaondoka. Tulikuwa tumepita Soni, watu wamesinzia, bibi yule akasema kwa sauti ya kusikika hadi nyuma, “Kwa hiyo mimi nimebakizwa duniani kwa elfu nane.” Hakuna aliyemjibu hadi Mombo.

Tangu siku ile tumerudi mara nyingi kwenye ile mistari minne ya Hesabu, na safari hii si kwa ajili ya wingu bali kwa ajili ya ahadi. Musa hakumwambia Hobabu, “Tuonyeshe njia, Mungu atakulipa.” Alisema, sisi tutakutendea mema. Alijifunga yeye na watu wake. Je, walitimiza? Hapo katika sura ya 10 hatuambiwi hata kama Hobabu alikubali kwenda. Lakini fungueni Waamuzi, sura ya 1, mstari wa 16, mtawakuta jamaa zake, Wakeni, wakipanda pamoja na wana wa Yuda na kukaa kati yao. Kisha fungueni 1 Samweli, sura ya 15, mstari wa 6. Vizazi vingi vimepita. Mfalme Sauli yu tayari kuwapiga Waamaleki, nao Wakeni wanakaa katikati yao. Kabla ya kuanza vita anawatumia habari watoke, wasije wakaangamia pamoja nao, kwa kuwa waliwatendea Israeli wema walipopanda kutoka Misri. Sauli hatumsifu kwa mengi, na sura hiyo hiyo ndiyo ya anguko lake. Lakini hata Sauli alilikumbuka deni la Hobabu. Sisi tulilisahau kati ya Irente na penye basi.

Tena Hobabu hakuwa Mwisraeli. Alikuwa na watu wake na nchi yake, na Musa alimwomba msaada kama alivyo. Tunasema hili kwa sababu baada ya safari mmoja wetu aliuliza, kwa nia njema, kama ni sawa kumhubiri Mwislamu kanisani kuwa ni mfano. Bwana wetu alipoulizwa jirani ni nani, alimleta Msamaria. Hatuwezi kuwa wakali kuliko Bwana.

Na hata Injili yenyewe haikuja kwetu kwa kujiongoza. Mwaka 1848 Johann Ludwig Krapf, aliyetumwa na CMS, alitoka Rabai karibu na Mombasa akaja hadi Vuga kwa mfalme Kimweri, akaja tena mwaka 1852. Mwaka 1867 Padri Alington wa UMCA alipanda Vuga kuomba mahali pa kuanzia kazi, na mwisho misheni ikapata Magila, ambako leo twapaita Msalabani. Majina ya hao yamo vitabuni, nasi tunamshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyejua njia. Walipitishwa na watu wa pwani na watu wa milima, wengi wao Waislamu au wafuasi wa mila za wazee wao, waliobeba mizigo, waliojua kijito kipi kina maji na mkuu yupi ana hasira. Majina ya wengi wao hayasomwi mahali po pote. Hata Habari za Wakilindi, kitabu ambacho kimewafumbulia wageni mambo ya milima hii, kiliandikwa na Mwislamu, Abdallah bin Hemedi, na sehemu zake zikaanza kuchapishwa na misheni kule Magila mwaka 1895. Kanisa letu limeona kwa macho ya kuazima tangu siku ya kwanza.

Tusikae sana Lushoto, maana Hobabu yuko hapa Magoma. Padri mgeni akiletwa katika mtaa huu, hajui Lwengera hufurika wapi wakati wa masika. Hajui nyumba ipi ina msiba uliofichwa, wala ndugu wawapi hawasemezani kwa ajili ya shamba. Nani humpitisha? Ni mwalimu wa dini wa kijiji, mzee mwenye baiskeli isiyo na breki, ambaye amebatiza kwa dharura watoto wa watu usiku, amezika wakati padri yuko safarini, amefundisha Katekisimu kwa kitabu kilichopotea kurasa za mwisho hata akazijua kwa moyo. Askofu akija, mwalimu ndiye huonyesha magari pa kusimama. Chakula kikipakuliwa, yeye yuko nje anaangalia watoto wasiguse magari. Na mwaka ukiisha, posho yake ndiyo ya kwanza kupunguzwa, kwa sababu yeye halalamiki, na kwa sababu sisi husema kazi yake ni ya Mungu na Mungu atamlipa. Ni neno lile lile tulilosema penye kituo cha basi.

Tumehesabu katika daftari ya mtaa. Posho za walimu wetu zina miezi saba hazijalipwa, na katika miezi hiyo saba tumenunua viti vya plastiki na kukodi basi la kwenda Lushoto. Hatusemi viti ni vibaya, wala hatujuti kuiona milima. Lakini Baraza la Mtaa litakutana Jumatano ya pili ya mwezi ujao, na jambo la walimu limewekwa la kwanza, kabla ya paa na kabla ya vipaza sauti. Kila mwenye neno aje.

Jumapili ya kwanza ya mwezi kutakuwa na kapu la pili mlangoni, karibu na maji ya baraka. Kapu hilo ni la kijana wa Lushoto. Upungufu ni shilingi elfu ishirini na mbili, na Umoja wa Mama wameomba iongezwe ili apate na kitu cha kupeleka nyumbani kwao. Wajumbe wawili watapanda kumtafuta penye kituo cha basi. Wa kwanza ni yule mzee ambaye babu yake amezikwa Vuga; ameomba mwenyewe apewe kazi hiyo, na anataka kumwambia neno. Wa pili ni bibi mwenye fimbo. Tulimwambia safari ni ndefu na magoti yake tunayajua, lakini nauli amekwisha kuilipa.